Tulia alirudishwa siku ya 22

Kwenye daftari la makazi yetu ya mbwa kuna ukurasa ambao neno "mpole" limeandikwa mara tano ndani ya siku tisa, kila mara kwa mwandiko tofauti. Kila aliyeshika zamu aliliona jambo lilelile na kulipa jina lilelile. Mimi ndiye niliyelitoa neno hilo daftarini nikalipeleka kwenye tangazo la kumtafutia mbwa nyumba. Siku ya 22 baada ya kuchukuliwa, akarudishwa. Kwa hiyo kisa hiki nakifumua nikiwa upande wa waliokosea, na msomaji alijue hilo mapema.

Alivyoingia

Aliletwa jioni ndani ya boksi, kajikunja kama kitambaa. Walimkuta kwenye kiwanja chenye nyasi ndefu nyuma ya ghala. Shingoni alikuwa na alama ya kamba: manyoya yameisha kwa upana wa kidole na ngozi imekuwa ngumu. Rangi yake ni ya majani makavu, kifuani ana baka jeupe, masikio yamelala. Uzito kilo 11. Kwa kile kipimo cha hali ya mwili kinachoanzia 1 hadi 9, ambapo 4 au 5 ndiyo afya, daktari wa mifugo alimpa 3. Akapewa dawa ya minyoo, akachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa na ile ya distempa na pavo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa wengi wadogo, akatolewa kupe. Hakujitingisha hata kidogo. "Laiti wote wangekuwa hivi," daktari alisema, na uchunguzi uliotakiwa kuchukua nusu saa ukaisha kwa dakika kumi. Jina la Tulia lilizaliwa palepale mezani.

Umri tuliukadiria kwa meno. Mtoto wa mbwa ana meno ya utoto 28, na akifika miezi sita au saba yote huwa yameng'oka na kuachia nafasi meno 42 ya ukubwani. Tulia alikuwa nayo yote 42, meupe, magego hayajashika ukoga. Amepita miezi saba, basi, na hajaenda mbali na hapo. Tukaandika miezi kumi.

Hayo hayo meno yalikuwa na habari nyingine. Kwenye chonge, za juu na za chini, kulikuwa na mistari ya kahawia iliyozunguka jino, yenye vishimo vidogo ukipitisha ukucha. Enameli, yaani ganda gumu la nje, ya jino la ukubwani hujengwa ndani ya ufizi katika miezi ya mwanzo, muda mrefu kabla jino lenyewe halijachomoza. Mbwa akipatwa na distempa wakati huo, ujenzi unaharibika, na jino likija kutoka linatoka na kovu lake. "Huyu aliugua sana utotoni, na akapona," daktari akasema. Sote tukasema maskini, tukafunga daftari.

Nitoke nje ya mada kidogo. Mwaka 1914, huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, lilifukuliwa kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa miaka kama 14,000 iliyopita, na ndani yake ilikuwamo mifupa ya mbwa. Watafiti waliorudi kuyachunguza meno ya mbwa yule waliona kuwa alikufa akiwa na umri wa miezi kama saba, na enameli yake ina alama za namna hii hii. Walihitimisha kwamba aliugua distempa, na kwamba asingezipita zile wiki za ugonjwa bila mtu wa kumpa maji na kumsafisha. Hao wamesoma habari nzima kwenye jino la mbwa wa zama za mawe. Sisi tulikuwa na jino la mbwa aliye hai, mwenye pumzi ya moto kiganjani mwetu, na hatukuuliza swali lililokuwa wazi: wakati huyu anaumwa, alikuwa wapi, na alikuwa na nani?

Swali lenyewe lina uzito kwa sababu moja. Mbwa ana dirisha la kuizoea dunia, linalofunguka kama wiki ya tatu na kuanza kufunga kati ya wiki ya 12 na ya 14. Waliolieleza vizuri ni John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi na mbwa kwa miaka mingi Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965. Anachokutana nacho kwa wema katika wiki hizo, iwe mtu mzima, mtoto anayekimbia, ufagio au pikipiki, anakihesabu kuwa cha kawaida. Asichokutana nacho, atakuja kukiogopa kwanza na kukizoea baadaye, tena kwa taabu. Ile mistari kwenye chonge za Tulia inaangukia ndani ya dirisha hilo. Na mbwa mgonjwa hutengwa, hufungwa pembeni peke yake ili asiambukize wenzake. Alama ya kamba tuliiona. Alama ya jino tuliiona. Hakuna aliyeziweka pamoja.

Daftari

Nanukuu baadhi ya mistari, na mwandiko wa pili kutoka mwisho ni wangu.

Siku ya 1: Ametulia kwenye kona. Hajala.

Siku ya 2: Mpole sana. Nimemshika masikio na miguu, kaniachia tu. Chakula kimekutwa kimeisha asubuhi.

Siku ya 4: Mpole. Mchana hajala. Kala usiku.

Siku ya 6: Anapiga miayo mno, nadhani halali kwa kelele za wenzake.

Siku ya 7: Mtoto kamgusa kupitia kwenye wavu, hakusogea. Anapenda watoto.

Siku ya 8: Kapigwa picha. Anainamisha kichwa kama anakusikiliza. Mzuri jamani!

Ukiisoma mistari hii leo, baada ya yote, inakera. Kila kitu kimo. Mbwa mwenye njaa, mwenye mbavu za kuhesabika, anaacha nyama bakulini mchana kutwa na kuila giza likiingia na watu wakiondoka. Hiyo ni hofu, wala haihitaji mtaalamu. Miayo mbele ya watu, kulamba midomo bila chakula, kugeuza uso pembeni huku weupe wa jicho ukionekana kama mwezi mwandamo: hizo ni ishara ambazo mtu yeyote aliyekaa na mbwa wenye wasiwasi anazijua, na mimi nazijua. Mkia wake ulikuwa umefyatwa tangu boksini. Kwa Kiswahili kumwambia mtu kafyata mkia ni kumwambia kaogopa, lugha yenyewe inatufundisha, nasi tukaandika "mpole".

Tatizo ni kwamba utulivu na kuganda, kwa mbali, vinafanana. Mbwa aliyetulia mwili wake umelegea: amelalia nyonga moja, miguu imetupwa upande, mdomo uko wazi kidogo, sikio linageuka kufuata sauti halafu linarudi. Ukimgusa, ngozi inasogea na mkono wako. Aliyeganda amelala kifudifudi huku miguu yote minne iko chini yake, tayari kuondoka ingawa haondoki. Mdomo umefungwa. Ukimgusa ni kama kugusa begi lililojaa. Anakuachia umshike sikio kwa sababu hajui kama ana haki ya kukataa.

Kuna majaribio ya mwaka 1967 ya Martin Seligman na Steven Maier ambayo siwezi kuyakumbuka bila kukunja uso. Mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia, walipohamishiwa mahali ambapo wangeweza kuruka kizuizi kidogo na kujiokoa, wengi wao walilala chini wakapokea. Kwa miaka mingi jambo hilo lilielezwa kuwa mbwa wamejifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 watafiti haohao wawili waliligeuza: kulala chini na kupokea ndiyo hali ya asili ya ubongo uliobanwa muda mrefu, na kinachofundishika ni kujua kwamba una uwezo wa kubadili jambo. Nitalirudia hili mbele, maana ndilo lililotuongoza tulipopata akili.

Jambo jingine lilikuwa haraka yetu. Vipimo vya kotisoli, homoni ya msongo, kwa mbwa wanaoingizwa makazini vimeonyesha kuwa siku tatu za mwanzo ndizo nzito kuliko zote, na baada ya hapo inashuka polepole kwa siku kadhaa. Tulia tulimwandikia sifa akiwa ndani ya siku hizo hizo. Siku ya 9 tangazo likatoka.

Tangazo la kwanza

"Tulia ni mbwa jike mpole na mtulivu, miezi 10, hana makuu. Anapenda watu wote, hasa watoto. Habweki. Anafaa familia yoyote. Njoo umpe nyumba!"

Nililiandika kwa dakika tano na nililipenda. Pamoja nalo ilikwenda ile picha ya siku ya 8, kichwa kimeinama upande wa kushoto, macho yanakutazama kutoka chini. Ndani ya siku mbili tulipokea maombi 14.

Sasa liangalie neno kwa neno. "Mpole" nimeshalisema. "Anapenda watu wote" maana yake hakumkimbia yeyote, na angekimbilia wapi ndani ya kizimba? "Hasa watoto" imetoka kwa mtoto mmoja, kidole kimoja, wavu katikati. "Habweki" ni kweli tupu, lakini mbwa wa miezi kumi asiyebweka kwa siku tisa, katikati ya wenzake ishirini wanaobweka, anatakiwa kukutia shaka. "Anafaa familia yoyote" ndiyo sentensi ninayoionea haya zaidi. Hakuna mbwa wa namna hiyo, na nilijua hivyo wakati naandika. Nilitaka apate nyumba upesi, nyuma yake kulikuwa na wengine wanaosubiri kizimba.

Nyumbani

Walimchukua familia ya watu watano: baba, mama na watoto watatu, mdogo ana miaka sita. Watu wazuri. Walimwandalia kona chini ya meza, wakanunua kamba mpya, wakasoma karatasi tuliyowapa. Karatasi ilizungumzia chanjo na chakula. Haikusema lolote kuhusu nini kitatokea mbwa huyu atakapoanza kujisikia yuko salama.

Wenye kuokoa mbwa wana kanuni yao ya kidole gumba, tatu-tatu-tatu: siku tatu za kupigwa na bumbuwazi, wiki tatu za kuanza kuonyesha tabia, miezi mitatu ya kujihesabu yuko kwake. Haijatoka maabara, na mbwa hawafuati kalenda. Lakini kwa Tulia ilikwenda karibu hivyo hivyo. Siku za kwanza alikaa chini ya meza. Wiki ya pili alianza kula mchana na kumfuata mama jikoni. Siku ya 15 alibweka kwa mara ya kwanza, na nyumba nzima ikashangilia. Siku ya 19 yule mtoto mdogo aliingia chini ya meza, akamkuta amelala, akamkumbatia shingoni kwa mikono miwili kama watoto wanavyofanya. Tulia akanguruma na kuonyesha meno.

Baba alipiga kelele, akapiga meza kwa kiganja. Tulia akanyamaza. Siku mbili baadaye mtoto alipomsogelea tena, hakukuwa na mngurumo: aligeuka ghafla na kuuma hewa, taya zikalia tap, sentimita chache kutoka kwenye shavu. Hakumgusa. Kesho yake wakamrudisha.

Hapa watu wengi hugawanyika, wapo wa kumlaumu baba na wapo wa kumlaumu mbwa. Mngurumo ni onyo, na ni onyo la heshima kabisa: mbwa anakuambia hataki, huku bado ana subira. Ukiuadhibu, hofu iliyouzaa inabaki palepale na wewe umeondoa king'ora tu. Siku ya 19 Tulia alisema. Siku ya 21 alikuwa ameshajifunza kwamba kusema kunaleta kishindo, akaruka hatua moja. Hata hivyo bado alijizuia, maana mbwa akikusudia kuuma kwa umbali ule hakosi. Baba asingeweza kuyajua hayo. Aliambiwa na sisi kwamba huyu anapenda watoto, sasa kamwonyesha mtoto meno. Angefikiri nini?

Alifikiri kichaa cha mbwa. Aliuliza mlangoni, kabla hata ya salamu. Si swali la kijinga, maana Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndiye chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Tulimweleza kuwa virusi hivyo hukaa kwenye mate na huingia kwa jeraha au mkwaruzo, au mate yakigusa jicho au mdomo, na mtoto hakuguswa. Tulimwonyesha na kadi ya chanjo. Nilimwambia pia kile ninachomwambia kila mtu: ngozi ikipasuka, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali bila kungoja kesho. Alisikiliza. Halafu akasema, "Mtoto wangu ana miaka sita," na sikuwa na cha kumjibu.

Mama ndiye aliyesema neno lililonikaa. "Dada, sisemi ni mbwa mbaya. Ila huyu siye mliyetuonyesha."

Sikio la kushoto

Mbwa anayerudishwa kwa kumwonyesha mtoto meno huwa ameshaharibikiwa kwenye makaratasi. Kuna makazi ambako angeishia hapo. Sisi tulikubaliana jambo moja kabla ya kujadili tabia: achunguzwe upya, kwa utulivu, apewe dawa ya usingizi ikibidi. Mbwa akibadilika ghafla, maumivu ndiyo ya kutafutwa kwanza, na Tulia alinguruma aliposhikwa shingoni.

Mfereji wa sikio la mbwa umepinda kama herufi L, unashuka kwanza kisha unaingia ndani. Kilicho baada ya kona hukioni kwa macho, lazima chombo chenye taa. Sikio la kulia lilikuwa safi. La kushoto lilikuwa jekundu, limevimba, lina uchafu wa kahawia wenye harufu ya kuchacha. Daktari alipitisha koleo jembamba, akavuta polepole, akaweka kitu juu ya pamba nyeupe. Ilikuwa mbegu ya nyasi, yenye mkia, ndefu kama ukucha wa kidole kidogo. Mbegu za aina hii zina vinyweleo vinavyoelekea nyuma. Zikishaingia zinasonga mbele tu, hazirudi.

Nyasi ndefu nyuma ya ghala. Alikuja nayo tangu siku ya kwanza.

Nilikwenda kuitazama tena ile picha. Kichwa kimeinama kushoto. Nikaangalia picha nyingine tano za wiki ile ile: kushoto, kushoto, zote kushoto. Hakuwa anasikiliza mtu. Alikuwa anainamisha upande unaouma, na maombi 14 yaliletwa na maumivu yale. Na siku ya 2, mwenzetu aliposhika lile sikio na kuandika "kaniachia tu", alikuwa ameshika kidonda.

Nisieleweke kwamba mbegu ndiyo iliyoleta kila kitu. Wapo wenzangu waliofurahi mno: haya, sikio limepona, mpeni mwingine. Sikio lilieleza kwa nini siku ya 19 na kwa nini shingoni. Halikueleza kwa nini alikula gizani. Hofu ilikuwa yake ya zamani, maumivu yaliikuta. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi mshindo ndio uliotushtua wakati kimya kilikuwapo wiki nzima, kimeandikwa kwa kalamu.

Kwa mlezi wa muda

Hakurudi kizimbani. Mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu mwenye mbwa dume mzee, alikubali kumlea wakati tukijipanga. Dawa ya sikio ilichukua wiki tatu. Kazi yenyewe ilikuwa kumrudishia uwezo wa kukataa, na hapa ndipo yale ya 2016 ya Seligman na Maier, kwamba kujua una uwezo wa kubadili jambo kunafundishika, yalipotufaa.

Mama huyu alifanya kitu kimoja kidogo kila siku. Anakaa chini sakafuni, ubavu wake ukiwa upande wa mbwa, hamtazami. Tulia akimfikia, anamkuna kifuani kwa hesabu ya tatu, kisha anaondoa mkono na kuuweka gotini. Akisogea tena, anaendelea. Akibaki alivyo au akigeuza uso, basi, kazi ya leo imekwisha. Siku kumi na tano za mwanzo jibu lilikuwa kugeuza uso. Mama hakusononeka, anasema alifundisha darasa la kwanza miaka mingi na anajua kungoja. Siku ya 16 alipoondoa mkono, Tulia alisukuma pua chini ya kiganja chake na kukiinua.

Yule mbwa mzee naye alisaidia bila kujua. Anachukua kipande cha nyama mkononi mwa bibi yake, anatafuna, anakwenda kulala katikati ya chumba chali. Tulia alimtazama siku nyingi. Kisha akaanza kulala naye, mgongo kwa mgongo, na hapo ndipo tulipomwona kwa mara ya kwanza amelalia nyonga.

Siku ya 24 alinguruma. Alikuwa anafutwa miguu kwa taulo baada ya mvua, ulipofika mguu wa nyuma akasema. Mama aliniandikia: "Kaninguru­mia leo. Nimeuachia mguu. Tutajaribu kesho na taulo kavu." Nilifurahi kuliko siku aliyobweka. King'ora kimerudi.

Kwa hiyo ni mpole au si mpole? Ni mpole. Nalisema sasa nikiwa na ushahidi. Mbwa mwenye meno 42 na sababu zote za kuyatumia, aliyekumbatiwa kwenye kidonda akiwa usingizini, akauma hewa. Upole wake ulikuwepo muda wote, ila haukuwa ule tuliouandika. Ule ulikuwa hofu.

Tangazo la pili

"Tulia, jike, takriban mwaka mmoja, kilo 14, amefungwa kizazi, ana chanjo zote. Kwa mgeni huganda. Ukimwacha, baada ya muda huja kunusa viatu vyako. Hula mbele yako kama umekaa na humtazami. Hupenda kukunwa kifuani. Hapendi kukumbatiwa, wala kuguswa sikio la kushoto bila kuonyeshwa mkono kwanza. Sikio hilo liliugua na lazima liangaliwe kila wiki. Akisumbuliwa usingizini hunguruma, ukirudi nyuma huacha. Hajamuuma mtu. Anaishi vizuri na mbwa mzee na humfuata kila aendako, tungependa apate nyumba yenye mwenzake. Kwa sasa hatumpeleki penye watoto wadogo. Atakayemtaka aje kumtembelea si chini ya mara tatu."

Picha ni mpya: kichwa kimenyooka, macho nusu yamefumba, mkia wa yule mzee unaonekana kwenye kona. Si picha ya kusimamisha mtu. Mwenzangu mmoja alinigombeza, "Nani atamchukua mbwa aliyeandikwa hunguruma?" Hoja yake ina nguvu, sikatai. Safari hii wiki tatu zimeleta maombi manne tu. Wawili walijitoa waliposikia habari ya kutembelea mara tatu. Wa tatu nilimuuliza swali ninalowauliza wote siku hizi, kwamba siku akinguruma utafanya nini, akanijibu atamwonyesha nani mwenye nyumba. Nikamshukuru kwa kusema kweli, nikafunga fomu.

Wa nne ni bwana mmoja fundi cherehani, anafanyia kazi nyumbani, ana mbwa jike wa miaka minane. Swali lilelile alilikalia kimya kidogo kisha akasema, "Nitamuuliza nimekosea nini." Sikumwambia lolote, niliandika tu.

Amekuja mara mbili. Mara ya kwanza Tulia aliganda mlangoni muda wote, na fundi alisoma gazeti lake mpaka mwisho, akaaga. Mara ya pili alikaa sakafuni kando ya mama mlezi, akaweka kipande cha nyama karibu na kiatu chake, akaendelea kuzungumza habari za bei ya uzi. Tulia alipiga miayo. Akalamba midomo. Akazunguka chumba mara mbili kwa nyuma ya yule mbwa mzee, akasimama, akanyoosha shingo mpaka ikawa ndefu kuliko mwili, miguu ya nyuma imebaki kule kule. Akakichukua kile kipande na kukitafunia palepale, mchana, taa imewaka, watu watatu chumbani. Fundi hakugeuza kichwa.

Jumamosi anakuja tena, na mbwa wake.